Dawa Hupakwa Kabla ya Mdudu

Benchi lililo mbele ya karakana ya Abasi seremala, pale Ng'ambo, ni la mninga, na kalitengeneza Abasi mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumwambia asogee. Wanamwita Msasa: ukimgusa vibaya anakuchubua. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto na roho yake ilikuwa kunjufu, isipokuwa kwa jambo moja. Binti yake Najiat, anayetimiza miaka kumi na tano wiki ijayo, alikuwa amekaa mlangoni na sare zake za shule. Leo wauguzi wako shuleni, wanachanja wasichana chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na baba kasema asitoke kwanza mpaka benchi liamue.

— Benchi limeshaamua, alisema Issa, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Usimpeleke. Sindano ile inafunga kizazi.

— Nani kakwambia?

— Lisemwalo lipo, bwana.

— Juzi ulisema kuna twiga kapanda treni Urambo. Na yeye yupo?

Sabiri, muuza kahawa, akagonganisha vikombe vyake.

— Redio, wewe unajua robo tu. Anayeogopwa ni Mnyamwezi! Babu zetu walibeba pembe toka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Mabega yale, wenye sindano hawataki yazaliwe tena.

— Yaani nchi nzima inachanjwa kwa ajili ya mabega yako? aliuliza Abasi.

— Haba na haba hujaza kibaba!

— Inaingiaje hapo?

— Inaingia tu, kama kahawa. Ngoja ipoe.

Abasi alicheka, lakini akakiweka kikombe chini. Dada yake, Kuluthumu, alimalizwa na saratani hiyo hiyo. Ilipokuja kujulikana, ilikuwa imeshakula mpaka ndani.

Hapo akafika Koleta, mama wa Urambo, kuchukua kitanda chake.

— Shikamoo fundi.

— Marahaba. Mzigo tayari, dawa nimepaka mara mbili.

Koleta akapapasa chaga.

— Mbona sioni mdudu? Dawa ya nini?

Msasa akawaka.

— Mama, dawa hupakwa kabla ya mdudu! Akishaingia ndani ya ubao, utampaka wapi? Mimi siuzi kitanda cha kubahatisha!

Pale mlangoni Najiat akainua kichwa.

Koleta akaokota chini karatasi ya vipimo vya kitanda, akaigeuza.

— Huku umechora kitanda, kumbe huku ni barua ya shule. "Miaka tisa hadi kumi na nne. Dozi moja, bure. Mwisho saa sita." Aa, binti yangu naye alichanjwa akiwa na kumi na nne. Hiki kitanda ni chake, kajifungua juzi.

Redio akazimika. Koleta akamtazama Najiat.

— Na huyu keshachanjwa?

Redio akamtazama Sabiri. Sabiri akachungulia birika. Abasi akakitazama kitanda.

— Saa ngapi sasa?

— Tano na nusu, baba, alijibu Najiat, keshasimama.

Abasi akaivuta baiskeli.

— Fundi, na kitanda changu?

— Kikalie! Kimepakwa dawa, hakiendi popote.

— Msasa! aliita Sabiri. Na mabega yetu je?

Abasi alikuwa ameshakanyaga pedali, binti yuko kwenye keria anacheka.

— Haya hapa nyuma yangu! Yanakwenda kupigwa sindano.