Kavutha Kitavi, Aliyepima Dawa kwenye Mkono Wake

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Kavutha Kitavi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Mwala, Machakos, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nzau na mkewe Kanyiva.

Alisoma kwao Mwala hadi kidato cha nne mwaka 1989, akaja Nairobi kusomea kazi ya maabara, na tarehe 6 Februari 1995 akaajiriwa na kituo cha utafiti karibu na Muthangari. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Kitavi, anayechapa kadi na mabango River Road, wakaishi Dagoretti Corner, wakajaliwa Ndanu na Mutiso.

Kazini walipima jinsi dawa za nusukaputi zinavyoichochea ngozi kutoa histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na ikizidi, presha hushuka na pumzi hubana. Walipitisha mrija mwembamba kama uzi chini ya ngozi ya mkono wa mtu aliyejitolea, wakadunga dawa kidogo kando yake, wakapima histamini iliyotoka. Mwaka 2011 Kavutha alijitolea mkono wake mwenyewe, na dawa moja ikauvimbisha hadi kiwiko, na tangu siku hiyo aliogopa nusukaputi kuliko ugonjwa wowote.

Basi alipopatikana na saratani ya utumbo tarehe 9 Mei 2023, akaambiwa lazima apasuliwe, alikataa wiki mbili nzima, chakula hakipiti, akamwambia Ndanu, "Nisipoamka, usikubali waseme ni mapenzi ya Mungu tu. Uliza walinidunga nini." Mwenzake wa maabara, Wesonga, ndiye aliyemjia akasema, "Madam, leta mkono tupime," na asubuhi ya tarehe 25 wakapima dawa tatu, Kavutha akisoma vipimo mwenyewe, mbili zikapandisha histamini, ya tatu ikatulia. Hapo akakubali kupasuliwa, madaktari wakatumia hiyo ya tatu, akaamka, akauliza ni saa ngapi.

Saratani ilirudi Januari 2025, na tarehe 3 Agosti, saa nane mchana, akatuacha. Familia haitasema kwamba hakuogopa. Aliogopa, na alitamka hivyo, akamwomba Kitavi amshike mkono, naye hakuuachilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsikiliza, majirani wa Dagoretti Corner waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa maabara, hasa Bwana Wesonga.

Kavutha wetu, Mungu akupe pumziko la amani.