Nilivyoufagia Mchicha Wangu Mpaka Ukafa

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nimeambiwa leo ni zamu yangu kusimama mbele ya kikundi chetu cha akina mama, na nimesimama. Ila mwenye sahani mkononi amalize kula kwanza. Niliyokuja nayo si ya kusikiliza huku unatafuna.

Mie mnanijua, nina kinyaa. Kikombe cha mtu sinywei, hata awe mume wangu. Nikiona unywele kwenye wali, siku hiyo nimeshashiba.

Basi nilikuwa na mimba ya huyu anayenivuta khanga hapa. Siku hiyo nakwenda kumsalimia wifi yangu, nikapita kwenye bonde fulani. Silitaji, msije mkasema naharibia watu biashara. Nikakuta mchicha, jamani, umestawi, majani mapana! Pembeni yake mtaro. Maji meusi, yana povu, na nepi iliyotumika inaelea, imefura. Mwenye bustani kachota humo humo kwa keni yake ya bustani, anamwagilia huku anapiga mluzi. Yaani anapiga mluzi! Aliponiona akachangamka, "Karibu sista, mchicha freshi huu."

Freshi! Nilitapika pale pale barabarani nimeshikilia nguzo ya umeme. Na nilichotapika, ndugu zangu, kilikuwa cha kijani. Kiporo cha mchicha wa jana yake.

Tangu hapo jani lolote nikiliona, roho inanichafuka. Matembele, kisamvu, chainizi, vyote naviona vinaelea mtaroni. Mume wangu akinunua fungu naliosha kwa chumvi, naliosha kwa maji ya moto, nikilitia mdomoni linarudi. Nikaenda kliniki. Sista akanivuta kope la chini, akapima damu, uso ukambadilika.

"Mama, damu yako ndogo. Mboga za majani unakula?"

Nikamweleza habari ya mtaro. Na yeye akakunja uso, nadhani alikuwa ametoka kula mchicha. Lakini hakunibembeleza. Akanipa vidonge, akasema, "Hivi umeze, na mboga ule. Ukiingia leba na damu hii, unaweza usirudi nyumbani, wewe na huyo mtoto."

Nawaambia niliogopa. Nilitoka pale nimejishika tumbo kwa mikono miwili.

Nikasema basi, nitapanda ya kwangu. Uani kwangu, hapa hapa Gongo la Mboto, nione kila kinachoingia. Kulima sijawahi, nyumba tulizokuwa tunapangaga ua wote saruji. Nikanunua mbegu za mchicha, nikatifua mchanga, nikamwaga. Ukaota! Vidogo, vyekundu chini, nikawa naamka kuviangalia kabla sijanawa uso.

Sasa akina mama, mnajua tulivyolelewa. Mwanamke akiamka anashika fagio la chelewa, anafagia uwanja mpaka mistari ionekane, takataka anazichoma moto. Uwanja wenye majani ni wa mvivu. Basi mie nikafagia mpaka tuta la mchicha! Kila asubuhi, taratibu, katikati ya mistari ya mchicha. Jani likidondoka naokota. Mbolea? Mavi ya kuku kwenye chakula changu? Thubutu! Tuta likawa safi, ungeweza kutandika mkeka ukalala. Jua letu hili likaupiga ule mchanga mtupu, ukivua kandambili unaruka. Namwagia maji asubuhi, saa nne pakavu. Mchicha ukajikunja, ukafa. Nikapanda tena, nikafagia tena, ukafa tena. Tumbo linakua, kizunguzungu kinazidi, mpaka siku moja naanika nguo nikaanguka chini ya kamba.

Aliyeniokota ni jirani yangu. Simtaji, amekaa hapo nyuma na ameshaanza kucheka. Huyu nilikuwa siingii kwake hata kwa dawa. Uwanja wake maganda ya ndizi, majani yameoza, kuku wananya wanapotaka. Nikipita nakusanya gauni. Akaninyanyua, akanikalisha, akaninywesha maji. Kwa kikombe chake! Halafu akageuka akaliona tuta.

"Dada, hapa unangoja wageni?"

"Nimepanda mchicha."

"Umepanda sebule. Udongo umeuacha uchi juani, na chakula hujaupa. Ngoja nikuletee uchafu."

"Usiniletee!"

Akaleta. Gunia la mavi ya kuku ya zamani, yameoza mpaka yamekuwa meusi, na beseni la majani yaliyovunda, nyungunyungu wanachungulia. Akachimba mashimo kwenye tuta, akayajaza kwa mikono mitupu. Akachomeka marando, vile vipande vya shina la matembele, akasema matembele yanavumilia jua kuliko mchicha. Mimi pembeni nimeziba pua na khanga, machozi yananitoka. Lilipobaki shimo la mwisho akanisogezea beseni.

"Hili jaza wewe. Usiposhika, yakiota hutayala. Utasema hujui yametoka wapi."

Nikamkumbuka sista. Nikatia mkono. Jamani! Pana joto, panateleza, na kitu kikanitambaa kidoleni. Nilipiga ukelele mtaa mzima ukatoka nje. Lakini mkono sikuutoa. Nikajaza shimo, nikaenda kutapika, nikarudi tukafunika tuta zima kwa majani makavu.

Fagio nikalisukumia uvunguni, maana mkono ulikuwa unalifuata wenyewe. Maji nikamwagilia alfajiri na jioni, mume wangu akibeba ndoo. Matembele yakatambaa mpaka njiani. Nilipochuma mara ya kwanza nikayapika kwa nazi, nikatia tonge mdomoni, nikangoja. Halikurudi. Nikala sufuria zima, mume wangu akala ugali mtupu na wala hakununa. Kliniki, sista akavuta kope, akacheka. Nikajifungua salama.

Sista yule namshukuru kwa kunitisha. Mume wangu namshukuru kwa ndoo zote alizobeba. Jirani yangu, wewe nakushukuru kwa uhai wangu, ila jamani, fagia hata mlangoni. Na nyie mnaotaka kuanza bustani, ninachowaambia ni kwamba msiliache tuta uchi, na maji ya mtaro msiyasogeze hata karibu. Kinyaa mnaweza kubaki nacho. Mie sijapona, nikishika mbolea ile mpaka leo napata kichefuchefu.

Juzi huyu mwanangu hapa nimemkuta kakaa katikati ya matembele, mdomo mweusi, anatafuna ule udongo, nyungunyungu kamshika mkononi anangoja zamu yake. Nikamtia kidole mdomoni nikatoa kila kitu, nikamsugua kwa sabuni mara mbili, na yeye analia anataka arudishwe. Analia kwa nguvu, anarusha miguu, mzito mpaka mikono inaniuma. Sikumnyamazisha, nilikaa pale nikaisikiliza ile nguvu yake.