Ngozi ya Milembe

Sogeeni, wanangu. Mayala, kaa hapo miguuni nikuone, na wewe Felisita, mayu, mama yangu, niegemeze kwenye mto, maana pumzi imebaki kidogo na maneno ni mengi. Nisikilizeni mpaka mwisho, msinikatize, hata nikisema jambo la kuwaudhi.

Nyumba hii na shamba la pamba la bondeni ni vyenu wote wawili, nusu kwa nusu, na asije mtu wa ukoo akamwambia Felisita kwamba mtoto wa kike hana ardhi. Hilo limeandikwa, mwenyekiti wa kijiji ameshuhudia. Linalonitesa ni ng'ombe.

Mlikuwa wadogo nilipoachana na mama yenu Anyesi. Tulilima pamoja miaka kumi na mitatu, yeye akiwaongoza maksai na mimi nimeshika plau, na pamba yote tuliyouza tuliigeuza ng'ombe. Ilipofika siku ya kugawana nikaona uchungu wa mali, nikaisahau mikono yake. Kabla mahakama ya mwanzo haijatuita, niliwaswaga ng'ombe tisa mpaka Zagayu, nikampa rafiki yangu Mashimba anitunzie, kama sisi Wasukuma tunavyotunziana mifugo siku zote, na kwa kuwa kila zizi lina ng'ombe wa watu, nani angeuliza? Desturi ya kusaidiana nikaifanya maficho. Kwa hakimu nikasema wamekufa kwa ugonjwa.

Milembe alikuwa mmoja wao, yule mweusi mwenye baka ubavuni, aliyefiwa na mama yake, Anyesi akamnywesha maziwa kwa chupa mpaka akasimama. Nilijua atamwulizia huyo, basi nikanunua ngozi machinjioni Dutwa, nyeusi yenye baka, nikaitandaza mbele yake. Milembe aliwahi kuchanwa begani na fisi, na mama yenu ndiye aliyemtibu. Akapiga magoti, akaipapasa ile ngozi begani, akarudia tena, akilitafuta kovu. Halikuwepo. Akaniangalia, akasema taratibu, "Haya, baba Mayala. Apumzike." Wewe Felisita ulikuwa umemshika kanga, mkalia wote wawili; wewe ulimlilia ng'ombe, yeye nadhani alinililia mimi. Akaondoka na ng'ombe wawili waliokonda, akaenda Lamadi kukausha samaki, na moshi umemharibu macho. Mimi nikanenepa. Nina aibu, wanangu. Nina hatia, na sijaitamka hata kwa padri.

Mayala, usiinamishe kichwa. Nawe sasa unaachana na mkeo, na Jumanne uliniletea ng'ombe watano ukasema, "Baba, wakae kwako, Gloria asiwajue mpaka kesi iishe." Nami nikaitikia! Mdomo huu huu uliitikia kwa mazoea. Sasa nakataa. Kesho warudishe kwako, na Jumatatu mbele ya hakimu wataje wote, na kile kiwanja cha Bariadi ukitaje, hata kama hati ina jina lako peke yako, kwa sababu maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ya pale aliyachota Gloria akiwa na mimba. Chukua kilicho chako, uishie hapo. Na wewe, mayu, kwa mumeo hakikisha jina lako liko kwenye kila karatasi ukiwa bado unapendwa.

Wale wa Zagayu wamezaana, Mashimba anawajua mmoja mmoja. Wote ni wa mama yenu. Msichinje hata ndama kwa msiba wangu. Watu wapewe maharage, wataninung'unikia, sitasikia.

Ngozi ile ndiyo hii ninayolalia. Wazee wetu walizikwa ndani ya ngozi za ng'ombe wao, lakini hii msinizike nayo. Ichomeni.

Maji, mayu... Asante. Mungu awape usingizi ambao mimi sikuupata, na watoto wenu wasione haya kulitaja jina lenu.

Mayala... kuna mtamba mweusi kule, wa uzao wa Milembe, ana baka lile lile. Mswage wewe mwenyewe, kwa miguu, mpaka Lamadi. Mama yako haoni vizuri, basi ushike mkono wake, uuweke ubavuni pa ng'ombe... polepole. Mwambie Milembe hakufa siku ile. Mwambie... niliona kwamba amejua. Nilazeni sasa. Si juu ya ngozi. Chini... hapo chini.