Vikombe Vilivyofunikwa kwa Ajili ya Uyoga

Kwenye benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi, ubishi humalizwa kwa vikombe. Aliyeikubali hoja humaliza kahawa yake, akakifunika kikombe mdomo chini. Vikifunikwa vyote, neno limepita. Jioni ile kinyozi alikuwa hajagusa chake. Kesho dada yake alitakiwa hospitali kwa dripu ya pili ya dawa ya saratani ya titi. Ya kwanza ilimlaza chini hoi, na nywele zilizobaki kinyozi alimnyoa kwa mkono wake, huku akijifanya mkali ili asilie.

Mkulima wa uyoga, anayeuotesha kwenye mifuko ya maranda chumba cha uani, alileta furushi la uliokaushwa. Alisema amesikia wataalamu wameukamua uyoga wa aina hii, wakazitilia seli za saratani maji yake, zikafa.

— Zilifia wapi? — kinyozi aliuliza.

— Kwenye vichupa vya maabara.

— Ni yale yale — alidakia Profesa, dereva mstaafu. — Mtu naye ni chupa, ila ana mdomo wa kulalamika. Halafu uvimbe huota gizani, uyoga huota gizani. Dawa ya moto ni moto.

Akaenda mbali zaidi: dripu ingeufukuza uyoga mwilini, basi ni heri iachwe kwanza, haraka haraka haina baraka. Akafunika kikombe. Mkulima akasita, akafunika.

Kinyozi alikuwa amemwomba Mungu njia nyepesi. Alipoiona hii, hakuuliza imetoka kwa nani. Akainywa kahawa yote kwa mkupuo, akafunika.

Ndipo dada yake akatokea, kitambaa kichwani, akawaamkia wakubwa. Kaka mtu akampa furushi, akamweleza kwamba kesho asiende. Dada akalinusa.

— Ninywe kiasi gani, kaka?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama mkulima.

— Hapo wataalamu hawajafika — mkulima alisema, macho chini. — Bado wako kwenye vichupa.

— Na uvimbe utanisubiri mpaka wafike?

Kinyozi akakishika kikombe chake, akakisimamisha tena, jambo ambalo benchi lile lilikuwa halijawahi kuliona.

— Kesho sifungui kibanda — alisema. — Nakupitia alfajiri, dada. Twende wote.

Mkulima akalichukua furushi lake taratibu, kisha naye akakisimamisha kikombe chake.