Mwarandu Aliyeirudisha Mvua ya Likoni

Tarehe 30 Juni 1998 Bw. Gershom Mwarandu anastaafu, akiwa amekitumikia kituo chetu cha takwimu za mvua na joto hapa Changamwe kwa miaka thelathini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo amekuwa naibu mkuu. Wakuu wamekuja wanne na kuondoka wanne, wote wakiletwa kutoka nje, na wote kazi wamefundishwa na yeye. Tumelisema hili mwanzo ili tusiharibu sherehe mbele.

Mzaliwa huyu wa Junda, hapa hapa Pwani, aliajiriwa mwaka 1967 kusoma vipimajoto. Akajisomesha hesabu za takwimu kwa posta, kwa mshahara wake mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Wachuuzi wa soko la Kongowea humwita Bwana Mvua, na kila akienda kununua nyanya humwuliza kama kesho itanyesha. Jibu lake halijabadilika: "Kesho kawaulizeni wengine. Mimi ni mtu wa jana."

Mwaka 1989 alipewa kazi ya kuandika vigezo vya mtambo wa kompyuta wa kuhifadhi takwimu, yaani maelezo ya yote ambayo mtambo huo ungepaswa kufanya, ili mwuzaji autengeneze hivyo hivyo. Mwarandu aliandika kurasa ishirini na sita. Kigezo kimoja kilisema: kipimo cha mvua kisicholingana na kile cha kituo kikuu, yaani hapa Changamwe, kifutwe. Aliujivunia mstari ule kwa ufupi wake. Mwaka 1991 mtambo ukaletwa, ukafanya sawasawa na alivyoagiza. Ukafuta vipimo 1,912 vya Likoni.

Likoni tulikuwa na wapimaji saba wa kujitolea, kila mmoja na kipima mvua shambani mwake. Makao makuu walipoiona orodha ya makosa walitoa amri mbili: vipima mvua vyote saba ving'olewe, na kadi za zamani, zenye maandishi ya wapimaji wenyewe, zichomwe ili kupata nafasi stoo. Kadi zile zingechomwa, mvua ya Likoni ya miaka kumi ingekuwa haikunyesha. Anayejenga mfereji kule angepewa hesabu ya Changamwe, ng'ambo ya maji, akadirie.

Mwarandu alikwenda Timbwani, huko huko Likoni, na Landrova kukichukua kipima mvua cha kwanza, cha Bi Mwanatabu Mwinyihaji, mkulima aliyekuwa amepima tangu mumewe afariki. Mwandishi wa haya alikuwapo, kubeba koleo. Mwarandu alipomaliza shikamoo yake, bibi aliitikia marahaba, akasimama mbele ya kipima mvua chake.

"Mwanangu Mwarandu, mwaja kuning'olea chombo mchana kweupe, mtaa wote watazama. Mimi nimekuwa mwongo?"

Mwarandu akamtolea mfano: mvua ile kubwa ya Aprili, bibi ameiandika Ijumaa, na kituo kikuu kinasema Ijumaa ilikuwa kavu. "Ilinyesha Alhamisi usiku, mama. Mimi nilikuwa mazoezi ya kwaya, ikatufungia kanisani."

"Si ndiyo hiyo hiyo! Jua likitua Alhamisi, usiku ule ni wa Ijumaa. Wallahi, wewe umezaliwa Junda au Ulaya?"

Mwarandu alikaa chini palepale, juu ya jembe la watu, akacheka hadi machozi. Fomu yetu ilidai tarehe ya mvua. Wazee wa Likoni siku yao huanza magharibi, nao waliandika kwa haki kabisa. Ofisi husoma kipimo saa tatu asubuhi na kukiweka chini ya jana. Ndiyo maana mvua za mchana zililingana, na za usiku zikapishana siku moja. Nani Pwani hii asiyejua usiku wa Ijumaa ni upi? Sote kituoni tulijua. Tulijua mno, hata hakuna aliyefikiria kuuandikia mtambo.

Koleo likarudi garini halijagusa udongo. Kadi alizifungia ofisini mwake, na makao makuu walipouliza kama zimechomwa, alijibu kwa barua ndefu yenye vigezo vipya. Kipimo chenye shaka kitiwe alama, kisifutwe. Alichoandika mpimaji kibaki kama kilivyo, na sahihisho liwekwe kando yake, na jina la aliyesahihisha. Kila kituo kitaje siku yake inaanza lini. Walimzungusha miezi kumi na minne. Hakuchoka.

Mwaka 1994 vipimo 1,871 vya Likoni vilirudi mahali pake, karibu asilimia tisini na nane. Arobaini na kimoja vilivyobaki vilikuwa makosa kweli. Bi Mwanatabu alikubali vitatu vyake, akabisha cha nne, na bado anabisha. Vigezo hivyo sasa vinatumika katika vituo vyote, vikiwa na jalada linalotaja kamati ambayo haijawahi kupanda feri ya Likoni. Nasi tunasema hapa, kwa wino: ni kazi ya Gershom Mwarandu, na ilifanyika Changamwe. Mvua kubwa za mwaka jana zilipozivunja njia za Likoni, mafundi wa mifereji walikuja kuomba hesabu, wakapewa za Likoni yenyewe.

Bw. Mwarandu, ahsante kwa ukaidi wako. Tunasikia umeomba kipima mvua cha kuweka uani kwako Junda. Utapewa, na kuanzia Julai wewe ni mpimaji wetu kama wengine. Ukikosea tutakutia alama, hatutakufuta. Pumzika kwa afya na furaha wewe na nyumba yako, na kila asubuhi saa tatu, utuletee ya jana.