Historia ya Xaveria Kokuberwa, Aliyewauzia Kihanga kwa Jani la Mgomba

Mchungaji, wazee wa ukoo, shemeji yangu Ndyamukama, watoto, majirani na nyote mliokuja kulia nasi hapa Kihanga, mimi ni Sperancia, mdogo wake marehemu, tumbo moja, ziwa moja, nimepewa kusoma historia hii kwa niaba ya familia, na kwa kuwa mnajua mimi sizunguki maneno, nitaisoma kama ilivyokuwa, hata pale inaponiuma.

Marehemu Xaveria Kokuberwa alizaliwa tarehe 4 Agosti 1962 katika kata ya Bweranyange, wilaya ya Karagwe, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gaudiosus na marehemu Mama Anonciata, akabatizwa mwaka huo huo, nami nikafuata miaka mitatu baadaye, nikakuta kila kilicho kizuri kimeshachukuliwa, jina la bibi, mahali pa karibu na moto, na sikio la baba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bweranyange kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akamaliza darasa la saba, mimi nikaishia la nne kwa sababu ilibidi mmoja abaki shambani na mama, na huyo mmoja hakuwa yeye, kwa hiyo huku kusoma mnakonisikia leo nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu cha nyimbo za kanisani.

Tarehe 27 Desemba 1983 alifunga ndoa na Ndugu Winston Ndyamukama wa hapa Kihanga, mkulima wa ndizi na kahawa, mwanamume mpole ambaye wengi tulimtazama, yeye akamtazama Xaveria, na Mungu akawajalia watoto watatu, Edith, Yustus na Ainebyona, pamoja na wajukuu watano.

Mwaka 1994 alipata meza sokoni, akauza maharage ya kuchemsha, matoke, karanga na, msimu ukifika, senene wa kukaanga, wale panzi wa kuliwa, mimi nikaweka meza yangu kando ya yake mwaka uliofuata, na sote tulifunga kwa mifuko ya nailoni iliyoletwa kutoka mpakani Murongo, huko Kyerwa, mpaka mwaka 2008 ng'ombe wake alipovimba tumbo akafa, wakampasua wakakuta bonge la mifuko kubwa kama kichwa cha mtu, na kuanzia siku hiyo Xaveria hakugusa nailoni tena, ingawa wapo mpaka leo wanaosema mifuko ile ilitoka mezani kwangu, nami nawajibu hapa hapa mbele ya jeneza, nailoni haina jina la mtu.

Akaanza kufunga kwa jani la mgomba, akilibabua kwanza, yaani kulipitisha juu ya moto mpaka lilegee, kama alivyofanya mama yetu, na mteja aliyekuja na chombo chake alipata kijiko cha nyongeza, akimwambia, "Karibu na bakuli lako, baba, nailoni tumeshamlisha ng'ombe, hakushiba," watu wakacheka, wakarudi na mabakuli, sufuria na vikapu, walimu, vijana wa bodaboda, hata watumishi wa kata, wote wakinipita mimi niliyekaa na mifuko yangu kama mtu aliyetengwa kanisani.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 2019, nami nikakata majani, lakini niliyaosha tu, nikafungia yakiwa mabichi, maana jani likibabuliwa hufifia rangi, nami nilitaka langu ling'ae kuliko la kwake, basi likapasuka, maharage ya moto yakamwagikia mapajani mwa Hirwa wa bodaboda, akaruka akipiga kelele, "Mama Spera, unanipika mimi au maharage?", na dada yangu, badala ya kunionea huruma, akasema soko zima likisikia, "Spera, jani ni kama wewe, lisipopita motoni halikunjiki," maneno ambayo vijana wale wananitania nayo mpaka leo.

Kesho yake niliwasha moto kabla yake, nikababua mpaka vidole vikaungua, na tangu hapo jani langu halijapasuka, ila sifa zilibaki kwake, wageni wakija kupiga picha wanapiga ya meza yake, wanawake wakitaka kujifunza wanakwenda kwake, hasa jirani yake Benadeta, aliyemfuata kama kivuli mpaka akaitwa "mwanangu", mimi niliyezaliwa naye nikabaki Spera.

Mwezi Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa hospitali, nikampelekea juisi nzuri ya dukani katika chupa ya plastiki, akaitazama kama aliyeona nyoka, akanywa uji wa Benadeta ulioletwa kwenye kibuyu, nikaondoka nimenuna, nikarudi siku ya pili na uji wangu kwenye kibuyu kikubwa kuliko kile, akanywa, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Mwezi Februari alituita, mumewe, Mchungaji na mimi, akasema meza yake ya sokoni apewe Benadeta, nikamuuliza, "Dada, na mimi je, mimi si damu yako?", akajibu, "Nikimpa Spera meza zote mbili atakosa wa kumwonea wivu, na Spera asipokuwa na wa kumwonea wivu analala mpaka saa nne, mwisho soko litarudi kwenye nailoni," nilikasirika, na bado nimekasirika, lakini ndivyo alivyosema, na Mchungaji ni shahidi.

Hali yake ilibadilika, akafariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, usharika, wauzaji wenzake, na majirani waliotuazima vikombe na sahani, chakula cha leo kimefungwa kwa majani, maji yapo kwenye mitungi, na aliyekuja na chupa yake ya plastiki aondoke nayo, asiiache kwenye migomba ya marehemu.

Na wewe Benadeta, acha kulia kwa sauti kunizidi mimi, meza ni yako, nimelisema mbele ya ukoo wote na hakuna atakayekugusa, lakini tukishaanua matanga, gulio la kwanza utanikuta pale, moto wangu umeshawaka, majani yangu yameshalegea, na tutaona wenye mabakuli watasimama kwa nani.

Dada Xaveria, watu wamejaa mpaka barabarani, wa kunizika mimi hawatafika hivi, najua, pumzika kwa amani.