Nilimuchagulia mudogo yangu afya ya dunia

Bandugu ya shirika yetu ya sala, munanijua kwa kuimba. Leo sitaimba. Naanzia pale uvumilivu yangu iliisha.

Mukubwa ya quartier, ile mutaa yetu, alitukusanya bamama, kule kwetu Annexe, juu batoto balikuwa banahara na kutapika, lupango kwa lupango, kiwanja kwa kiwanja. Akasema mbele ya bantu bote: «Batoto banagonjwa juu bamama ya hapa hamunawaka mikono.» Binti yangu ya miaka mbili alikuwa ametoka hospitali siku ile ile, macho imeingia ndani. Niliondoka, nikavuta mayi ya kisima yetu, nikarudi na kikombe.

«Kunywa.»

Akacheka. «Mama, miye nakunywaka ya chupa.»

Nikamwaga kikombe yote kwa viatu yake. Bamama bakapiga vigelegele. Lakini nawaambia kweli, bandugu: hasira ile haikukuwa ya mukubwa peke yake. Nilikuwa najikasirikia miye.

Bazazi yetu balikufa mapema. Mudogo yangu, ni miye nilimukomalisha. Miye niliishia kwa diplôme d'État, mwisho ya secondaire. Yeye alisonga, akakuwa infirmière, muuguzi, kisha bakamupokea kufanya master ya santé publique, afya ya bantu bote. Munajua kwetu: yaya, dada mukubwa mwenye alikulea, ndiye anakuchagulia masomo, na hubishi. Akaniletea fiche, karatasi ya kuchagua masomo. Njia ilikuwa mbili. Ya kwanza, kutumika mu baquartier, kupima bisima na vyoo. Ya pili, santé mondiale, afya ya dunia yote.

«Yaya, nataka ile ya kwanza. Angalia kisima yetu na choo ya jirani. Uhesabu hatua.»

«Nilikusomesha juu ukuye kupima choo? Benzako banapanda ndege!»

«Yaya...»

«Leta kalamu.»

Nikaweka alama kwa mukono yangu. Sikuuliza hata banafundishaka nini ndani. Nilikuwa nimeshaona passeport.

Hakulia mbele yangu. Alisoma muzuri. Stage ya inje, mazoezi ya kazi ku inchi ingine, yenye nilitangazia jirani bote haikukuya. Kila jioni alirudi na magonjwa ya inchi ya mbali mu cahier yake ya masomo, akapita pembeni ya kisima, akasema: «Yaya, tuchemshe mayi.» Alimuambia jirani mwenye choo aihamishe. Alienda mara mbili kwa mukubwa ya quartier. Na miye namujibu: «Mama ya dunia, achia siye kisima yetu.» Jirani banacheka. Nilipenda vile banacheka. Makala, mukaa ya kuchemshia, haikukosekana, bandugu. Ni kiburi tu.

Mvua ikanyesha, choo ya jirani ikajaa. Binti yangu akaanza kuhara. Siku ya tatu hakuweza tena kulia: anafungua kinywa, sauti haitoke. Mudogo yangu akamubeba, anamutilia mayi ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko njia yote mpaka hospitali. Hakusema «nilikuambia». Heri angesema.

Sasa, siku ile ya kikombe, nilirudi nyumbani. Nilifikiri atanisifu. Akasema: «Yaya, ile mayi itakauka kwa viatu yake. Tuandike.» Akachora lupango zote kwa karatasi, tukapita mulango kwa mulango: nani aligonjwa, mulivuta mayi wapi? Kila nyumba yenye mugonjwa, alama. Ndivyo balimufundisha mu ile mondiale, kwa magonjwa ya mbali. Alama zikakusanyika kuzunguka kisima yetu kama inzi.

Musiniambie basi nilichagua vizuri! Hapana. Njia ilikuwa yake, nikaikata. Nilimuomba masamaha. Akasema: «Yaya, kwanza nisaidie kubeba makala ya kuchemshia mayi.» Mpaka leo hajanijibu, na sitamusukuma.

Nashukuru bamama benye balifungua milango na kuweka sahihi kwa barua yetu. Nashukuru bainfirmière benye balichunga mutoto yangu. Munamuona pale anavuta kitambaa ya mama yake mudogo. Na benye munakomalisha badogo yenu: muwalishe, muwavalishe, muwagombeze. Lakini siku ya fiche, kalamu ikae kwa mukono ya mwenye atasoma.

Barua tulipeleka kwa bureau ya zone ya santé, ofisi ya afya ya kwetu, bakapiga muhuri mbele yetu. Miye nilisema, mudogo yangu akaandika. Nawasomea mwisho yake:

«Tunashitaki juu ya kisima ya lupango yetu, yenye iko hatua kumi na moja na choo ya jirani. Tunaomba ifungwe, choo ihamishwe, na tupewe dawa ya mayi. Bantu benye balionywa kabla batoto bagonjwe, na habakufanya kitu: mukubwa ya quartier, mara mbili. Mwenye choo, mara moja.»

Pale akataka kufunga kalamu. Nikamuambia: bado. Akaniangalia. Nikasema, andika.

«Na mwenye kisima, yaya ya mwenye anaandika hii barua, kila jioni.»